Vyote Isipokuwa Unyago

Jumatatu, 3 Machi

Leo Gaspar ameniuliza wiki iliyopita tuliamua nini kuhusu nyota mbili, na sikukumbuka. Mtu wa miaka sabini na mbili anayesaidia kutengeneza chombo cha kutunza kumbukumbu za wengine hana budi kutunza na zake. Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Nitaandika masika yote, Mungu akipenda.

Chombo chenyewe kinaitwa Kitunzo. Ni programu ya kompyuta inayohifadhi kila toleo la kila faili. Ukiandika leo, ukabadilisha kesho, ukajuta keshokutwa, unarudi kwenye ya leo kama hukugusa kitu. Tuko watatu katika chumba cha kupanga Sinza, katikati ya gesti na baa ambayo huanza kujaribu spika saa nne asubuhi. Gaspar na Nawal niliwafundisha hisabati chuoni, kila mmoja kwa wakati wake. Walipoanza kazi hii walinifuata nyumbani wakasema wanahitaji mtu wa kuwawekea kanuni. Nilikuwa nimestaafu na nimechoka kustaafu.

Chumba cha pili yuko Hamida, ambaye kwa miaka minne amekuwa akikusanya sauti za wazee wa Kimakonde waishio Dar es Salaam. Wazee thelathini na mmoja. Yeye ndiye mtumiaji wetu wa kwanza.

Mmoja wa wazee hao ni kaka yangu Albano, mchongaji. Saa kumi na moja za sauti yake. Miezi minane baada ya kurekodiwa alipata kiharusi, na sasa amebakiwa na neno moja, "haya". Analitumia kwa chai, kwa maumivu na kwa kuaga. Anakaa nasi hapa Mtoni. Katika kompyuta ya sebuleni ninayo nakala ya kazi yote ya Hamida, na kila siku saa kumi alasiri humfungulia kaka nusu saa ya maneno yake mwenyewe. Huinamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayekagua kinyago cha mwanafunzi.

Jumatano, 5 Machi

Kazi yangu ni njia. Faili katika kompyuta hupatikana kwa njia, kama nyumba inavyopatikana kwa wilaya, kata, mtaa na namba. Faili ya kwanza ya kaka iko sauti/albano/01. Lakini watu hawataki kutaja faili moja moja. Wanataka kusema "zote za Albano", au "zote za mwaka juzi, popote zilipo". Hapo ndipo zinahitajika alama. Nyota moja ina maana ya jina lolote ndani ya folda hii. Nyota mbili, jina lolote katika folda hii na zilizomo ndani yake, hata zishuke vipi. Mkwaju mwanzoni, yaani ule mstari wa mshazari, anza juu kabisa, usianzie hapa uliposimama.

Nimemweleza mke wangu Filomena haya yote wakati wa chakula. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Baba Jenipher, ugali unapoa."

Ijumaa, 7 Machi

Joto. Kaka amesikiliza habari ya gogo la kwanza la mpingo alilobeba begani kutoka porini Newala. Pale anapocheka kwenye rekodi, naye alicheka.

Jumanne, 11 Machi

Siku nzuri ya kazi. Tumemaliza alama ya kuondoa.

Hamida anaihitaji kuliko wote. Kati ya sauti zake kuna folda ya nyimbo za unyago, alizoimbiwa na Bi Somoe, ambaye ni somo, yaani mama anayewafunda wanawali. Nyimbo hizo mwanamume hazisikii. Na vijana wanaomwandikia Hamida maneno ya rekodi, wawili ni wanaume. Kwa hiyo kila akiwafungulia kazi anataka kusema, "onyesha vyote isipokuwa unyago." Tumechagua alama ya mshangao. Ukiiweka mbele ya jina, jina hilo linaondolewa.

Swali likaja: mtu akiandika mshangao na jina tu, bila kutaja kwanza anataka vitu gani, Kitunzo kifanye nini?

Gaspar alisema kikatae. "Kimuulize, isipokuwa hiyo, katika nini?"

Nikasimama ubaoni. Niliwaambia mwalimu akiingia darasani akasema "tokeni, isipokuwa Nurdin", hakuna anayeuliza watoke akina nani. Kilicho wazi hakitamkwi. Chombo kinachomlazimisha mtu kutamka kilicho wazi kinamdharau. Kwa hiyo mshangao peke yake uwe na maana ya vyote isipokuwa hicho. Nilichora mifano tisa. Nilizungumza kama dakika arobaini.

Gaspar alikuwa akizungusha kifuniko cha kalamu. "Sawa, Mwalimu."

"Umeridhika?"

"Sawa, Mwalimu."

Nawal akasema, "Mwalimu kashinda, twendeni tukale. Nyie, maana mie nimefunga."

Gaspar ni mzito kidogo wa kuelewa, tangu chuoni. Lakini akishaelewa hasahau.

Alhamisi, 13 Machi

Tumemaliza pia amri ya fyeka. Inafaa niieleze, maana inakwenda kinyume na Kitunzo chenyewe. Kitunzo hakisahau. Lakini Hamida aliwaahidi wazee wote kwamba atakayetaka sauti yake iondolewe, itaondolewa, isibaki nakala ya siri kwenye kompyuta ya mtu. Ahadi ya namna hiyo huwezi kuitimiza nusu. Kwa hiyo fyeka inafuta faili na matoleo yake yote, inaandika juu ya nafasi ilipokuwa ili isifufuliwe, kisha amri inabandikwa kwenye ubao wa mtandaoni. Kila kompyuta yenye nakala, ikiwashwa tu, kwanza inasoma ubao na kutii. Nimepima kwenye kompyuta ya nyumbani. Sekunde kumi na mbili. Nimeridhika sana.

Jumatatu, 17 Machi

Tumetoa toleo. Mwongozo nimeuandika mwenyewe, kurasa sitini na mbili. Jioni mvua ya kwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipita chumbani kwa Hamida nikamkuta anamfundisha mwandishi mpya, mama mmoja wa Tandale. Alikuwa ameandika mshangao mkubwa kwenye karatasi na kuubandika ukutani.

"Hii," akamwambia, "ni alama ya mwiko. Ukiiona mbele ya jina, ujue hilo ni lile lisiloguswa ovyo."

"Kama kitambaa chekundu mlangoni."

"Hivyo hivyo!"

Nilifurahi nikamweleza Nawal. Katika mwongozo nilitumia kurasa nne, na Hamida ameimaliza kwa maneno mawili. Alama nzuri ni ile ambayo watu wanaipa jina lao.

Jumatano, 26 Machi

Mvua usiku kucha. Maji yameingia ofisini hadi kwenye vifundo vya miguu. Gaspar alifika kabla yetu akapandisha kompyuta juu ya meza. Diski ya akiba ilikuwa kwenye droo ya chini, imelowa, haisomeki. Si neno. Nakala ziko tatu: ya ofisini, ya Hamida na ya kwangu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Nawal ametuletea biriani ya sikukuu kutoka kwao, kwenye hotipoti ya lita tano. Gaspar alikula kimya. Nikamuuliza kama kuna tatizo, akasema hapana, Mwalimu. Naanza kuona kwamba kijana huyu ana kinyongo fulani.

Ijumaa, 4 Aprili

Bi Somoe amekuja ofisini mwenyewe kutoka Mbagala, khanga zimelowa hadi magotini. Alikataa kiti mpaka aseme.

"Hamida mwanangu, nyimbo zangu nazitaka."

Kwenye harusi ya juzi alisikia wimbo wa unyago ukipigwa kwenye simu, wanaume wamekaa, wanacheka. Haukutoka kwake, ni wa somo mwingine. Lakini tangu hapo halali.

"Bibi, zangu nimezifungia."

"Najua umezifungia. Nataka zisiwepo."

Hamida akamwambia ahadi ni ahadi, wiki ijayo zitakuwa hazipo. Bi Somoe ndipo akakaa. Aliniulizia kaka. Walikuwa majirani miaka ishirini, kabla Albano hajahamia kwetu. Nilimwambia hajambo, anasema haya. Akasema, "Hata zamani alikuwa hasemi mengi zaidi ya hilo," akacheka mpaka akajifuta macho.

Jumatatu, 7 Aprili

Transfoma ya mtaani kwetu imelipuka alfajiri kwa radi. Hakuna umeme. Saa kumi kaka alielekeza kidole kwenye kompyuta. Nikamwonyesha taa, nikamweleza transfoma ni nini, inapunguzaje nguvu ya umeme, na kwa nini radi inaiua. Akasema haya.

Jumanne, 8 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nane na dakika arobaini mchana Hamida alisimama mlangoni kwetu. "Mwalimu, njooni mniangalizie. Mbona sioni kitu?"

Kwenye kompyuta yake ilikuwapo folda moja tu. Unyago.

Nawal akainama. "Dada, uliandika nini?"

Hamida akaonyesha. Aliandika fyeka, akaweka mshangao, akaandika unyago. "Nimeweka alama ya mwiko," alisema, "ili kisikosee kikafuta vingine."

Kitunzo kilimuuliza kama ana uhakika. Alijibu ndiyo, kama tunavyojibu sote.

Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Hakutaja kwanza kitu chochote, ametaja cha kuondoa tu. Kanuni yangu ikasoma kilicho wazi: fyeka vyote isipokuwa unyago. Miaka minne, wazee thelathini na mmoja. Kilichobaki ni kile kimoja tulichoahidi kukiondoa.

Nawal alikimbilia kompyuta ya ofisi. Tupu. Akasema neno ambalo mwanafunzi hasemi mbele ya mwalimu wake.

Ndipo nikakumbuka ya nyumbani. Mtoni hakuna umeme tangu jana! Niligonga meza kwa furaha. "Ile imezimika! Ile haijasoma ubao!"

Gaspar hakufurahi. Aliuliza polepole, "Mwalimu, umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe?"

Inajiwasha yenyewe. Niliipanga hivyo ili Filomena asihangaike saa kumi ikifika.

Gaspar alikaa kuuzima ule ubao wa amri. Upo kwenye mashine ya kukodi, nchi ya mbali, na mtandao wa Sinza siku ya mvua unatambaa. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa unazunguka tu. Nikachukua mwavuli niende nyumbani. Nawal akanishika mkono. "Mzee wangu, unaenda wapi? Barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji tangu saa sita." Nikampigia Filomena. Simu yake imezimwa. Bila shaka, atachaji kwa umeme gani?

Nikampigia Mazin, mwenye duka mkabala na nyumba yetu, ambaye baba yake na babu yake waliuza katika duka lile lile.

"Mwalimu! Mbona unahema?"

"Mazin, mke wangu yuko wapi?"

"Kapita hapa sasa hivi anaenda duka la dawa. Grili kafunga kwa kufuli. Kuna nini?"

"Umeme umerudi?"

"Umeme gani! Mafundi wapo juu ya nguzo, toka asubuhi wanatazamana."

Nikamwomba aende dirishani kwetu. Nilisikia ndara zake kwenye tope, nikasikia mvua juu ya bati la kibaraza chetu.

"Nimefika. Namwona Mzee Albano kakaa kitini kwake. Shikamoo Mzee! Kaitika, kasema haya."

"Ukutani kushoto kwake kuna nyaya mbili. Mwambie auchomoe wa kompyuta. Mweusi."

"Mzee! Mzee wangu! Waya huo hapo ukutani, chomoa! Mweusi!"

Mkono wa kushoto wa kaka ni mzima. Miaka hamsini umeshika nyundo, na nguvu anayo. Nilisikia sauti yake ikisema haya.

"Anajivuta," Mazin akasema. "Kaegemea. Kaushika. Anavuta... kauchomoa! Mwalimu, kauchomoa!"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Hamida akaanza kulia. Gaspar peke yake hakugeuka.

"Mwulize upi," alisema.

"Mazin, kachomoa upi?"

"Mweupe."

Mweupe ni wa feni.

"Mzee, siyo huo! Huo mwingine! Mweusi, mweusi kama mpingo!" Kisha akaniambia, "Anacheka. Anadhani namtania."

Hapo nikasikia kitu ambacho nimekisikia maisha yangu yote hapa mjini na kila mara kimenifurahisha. Mtaa mzima ulipiga yowe kwa pamoja, watoto, mama ntilie, mafundi wa gereji: "Umeeeme!"

Nilianza kuhesabu. Sijui kwa nini. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na nilipofika tisa Mazin alisema, "Mwalimu, hiyo kompyuta imewaka kitaa cha kijani. Nimwambie nini Mzee?"

Nikaanza kuhesabu upya, hadi kumi na mbili.

Ukurasa wa Gaspar ulifunguka baadaye kidogo. "Nimeingia," alisema.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekaa nyumbani. Saa kumi kaka alielekeza kidole. Nikasema kompyuta inaumwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nawal amehangaika na zile kompyuta siku mbili, kwa kila programu ya kufufua faili anayoijua. Hakuna kitu. Fyeka imefanya kazi nilivyoitaka.

Mchana tulibaki na Gaspar peke yetu. Nilimwambia ule mjadala wa Machi sijausahau.

"Nilijua, Mwalimu," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba siku moja mtu ataiweka kwenye fyeka. Nilimwambia Nawal jioni ile ile."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Mara moja. Ukaeleza dakika arobaini."

"Ungesema mara ya pili."

Alicheka bila furaha. "Mwalimu, asubuhi ile nilikuamkia shikamoo. Wewe ndiye uliyenisainia nisifukuzwe chuo. Nitakubishiaje mara mbili, mbele ya Nawal? Kwetu hata baba yangu sijambishia mara mbili."

Nimeandika juu katika daftari hili kwamba ni mzito wa kuelewa. Sitafuta. Nimeandika pia kwamba ana kinyongo. Alikuwa amebeba jambo ambalo mimi ndiye nilipaswa kulipokea, na mikono yangu ilikuwa imejaa chaki.

"Sawa, Mwalimu." Miaka thelathini na minne nimefundisha, na katika miaka hiyo nimesikia maneno hayo labda mara elfu kumi. Leo nimekaa najiuliza mara ngapi yalikuwa na maana ya sawa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilitaka kanuni ibadilishwe kabisa, mshangao peke yake ukataliwe popote. Tuliwaandikia watumiaji wetu. Sasa ni vikundi arobaini na vitatu. Majibu yameanza kuja. Kundi moja la watafiti wa mbegu lina amri zaidi ya mia zinazojiendesha kila siku, zote zimejengwa juu ya mshangao wangu. Tukiugeuza, kazi yao inasimama. Wengine wamesema hivyo hivyo. Mmoja ameandika kwamba mwongozo ulieleza vizuri sana hata hawakuona haja ya kufanya vinginevyo.

Hili sikulijua katika hisabati. Kule ukikosea unafuta ubao. Alama ikishatoka mkononi mwako na watu wakaitumia, si yako tena.

Gaspar akapendekeza jambo dogo: kanuni ibaki, ila fyeka pekee ikatae mshangao usiotanguliwa na kitu. Nilimuuliza, "Una hakika?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, na tena. Mara ya tatu akasema, "Hapana, kuna jambo moja bado," na tukakaa nalo saa nzima. Lilikuwa jambo la kweli.

Jumatano, 16 Aprili

Hamida ameanza kuwafuata wazee upya, mmoja mmoja, kwenye mvua. Ishirini na sita wamekubali kurekodiwa tena. Wawili hawataki, wamechoka. Wawili wamefariki. Nimehesabu, nikaona amenificha mmoja, wa nyumbani kwangu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kaka alielekeza kidole. Filomena alimwekea kwaya kwenye redio. Akaizima kwa mkono wake.

Jumatano, 23 Aprili

Nyimbo za Bi Somoe bado zilikuwapo. Tangu siku ile Hamida hakuweza kuandika tena amri ya fyeka, vidole vilimkataa. Leo amesema lazima, wiki aliyoahidi imepita. Alivaa visikilizio ili azisikie mara ya mwisho, na sisi wanaume tukatoka, tukasimama kwenye ukumbi wa gesti.

Baada ya dakika moja alifungua mlango. Uso wake sikuuelewa.

"Mwalimu, mwanzoni kuna kaka yako."

Nyimbo hizo zilirekodiwa nyumbani kwa Albano, kwenye ua wa nyuma, kwa sababu palikuwa kimya. Hamida aliwasha mashine mapema, mwenye nyumba hajatoka. Kuna sekunde tisa za sauti ya Albano.

Nilimwomba nisikie. Alitikisa kichwa. "Imo ndani ya folda yake. Siwezi, Mwalimu. Wewe mwenyewe uliandika kwenye mwongozo, kilicho ndani ya folda kinafuata folda."

Niliandika. Ukurasa wa kumi na tisa.

Akampigia Bi Somoe, akaweka simu kwa sauti ili nami nisikie. Alieleza yote, hata lile kosa, na kwamba bado hajatimiza ahadi. Kule upande wa pili kulikuwa na sauti ya mtu anatwanga, ikasimama.

"Nyimbo zimeanza Albano akiwa ndani ama ameshatoka?"

"Ameshatoka, Bibi."

"Basi hayo si unyago. Ni mwenye nyumba anatuaga. Ya kwake mpeni mwenyewe. Ya kwangu uyaondoe leo leo, usilale nayo."

Hamida alikata zile sekunde tisa, akaziweka peke yake katika folda ya albano. Kisha akamwita Gaspar akae karibu naye, mgongo kwa skrini, wakati anaandika amri. Safari hii hakuweka alama yoyote, aliandika jina tu. Kitunzo kiliuliza kama ana uhakika. Alisoma jina tena, herufi kwa herufi, kisha akajibu ndiyo. Nje mvua ilikuwa imepungua, na tulisikia baa wakijaribu spika.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ofisi imefungwa. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi.

Saa kumi kamili kaka alielekeza kidole. Filomena alizima jiko la gesi akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikafungua folda. Faili moja.

Kwanza kuna kuku, mbali. Halafu kiti kinasogezwa. Halafu yeye, sauti yake ile nzito, ya mzaha kidogo, kabla ya kiharusi: "Haya, mie natoka. Mkimaliza mniite." Halafu mlango.

Kaka aliinamisha kichwa kama kawaida yake. "Haya," alisema.

Kisha akasubiri. Amezoea nusu saa. Alikuwa ametazama spika, mkono wa kushoto juu ya goti, mvumilivu kabisa, akingoja habari ya gogo la mpingo, ya mwalimu wake wa kwanza wa kuchonga, ya safari ya miguu hadi Lindi. Filomena aliniangalia. Mimi ninayejua kueleza transfoma, nyota mbili, mkwaju na mshangao, nilimgeukia ndugu yangu nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo yote, kwa mpangilio, tangu tarehe 11 Machi.

Nikabonyeza tena.

"Haya, mie natoka. Mkimaliza mniite."

"Haya," alisema kaka, na akaendelea kusubiri.